AMANA, IMANI NA AMANI: BODI NA MTENDAJI WAKE

TAHARIRI



Lugha yetu ya Kiswahili imeyaweka pamoja maneno ambayo sisi wanadamu huelekea kuyatenganisha. Amana, imani, uaminifu na amani ni maneno ya shina moja. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine ili aitunze. Anayeitunza vema huitwa mwaminifu; aliyeiweka huwa na imani naye; na wawili hao wakidumu hivyo hukaa kwa amani. Anayeivunja amana huyavunja yote kwa pigo moja. Ndiyo sababu Tume ya Haki na Amani imeona vema kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la ofisini tu, yaani uhusiano uliopo kati ya bodi za vyama na mashirika yetu na watendaji walioajiriwa kuyaendesha.

Kutoka Mikindani hadi Msimbati, na kutoka Nanyamba hadi vijiji vya bonde la Ruvuma, ni nadra kukuta mahali pasipo na chombo cha namna hiyo. Kuna vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa korosho, kuna vyama vya kuweka na kukopa, kuna kamati za maji, vikundi vya wavuvi, mashirika yasiyo ya kiserikali, zahanati na shule za madhehebu na dini mbalimbali. Vyote hivi vina sura moja. Wenye mali ni wengi, nao wako shambani au baharini. Wachache wamechaguliwa kukaa mezani kwa niaba yao. Na mtu mmoja ameajiriwa kufanya kazi ya kila siku. Wachache wale ndio bodi. Mmoja yule ndiye mtendaji, awe anaitwa meneja, katibu, mratibu au mkurugenzi.

Pale bodi na mtendaji wanapoaminiana, dawa hupatikana zahanati, walimu hulipwa kwa wakati, na mkulima hujua korosho zake zimeuzwa kwa bei gani. Pale wasipoaminiana, anayeumia kwanza si mwenyekiti wala si mkurugenzi. Anayeumia ni mama mjamzito anayeambiwa kwamba gari la wagonjwa halina mafuta kwa kuwa watia saini wa hundi hawasemezani.

GHARAMA YA KUTOJUA

Mkoa wetu unakijua vema kisa cha kutojua. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika katika zao la korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/2008. Nia yake ilikuwa njema: kumwokoa mkulima na mnunuzi wa kangomba, yule apimaye korosho kwa bakuli na kulipa bei ya njaa. Lakini tuhesabu mikono ambayo korosho na fedha zake hupitia. Mkulima hupeleka mzigo katika chama cha msingi. Chama hupima na kutoa stakabadhi. Mzigo huenda ghala kuu. Huuzwa mnadani chini ya chama kikuu. Mnunuzi hulipa benki. Fedha hurudi kwa mkulima zikiwa zimekwisha kukatwa makato ya usafiri, magunia, ushuru na mengineyo. Kila mkono katika msafara huo ni amana juu ya amana. Mkono mmoja ukinyamaza, mkulima aliye mwisho wa msafara hana njia ya kujua kama fedha yake imechelewa au imeliwa.

Mwezi wa Aprili mwaka 2013, katika wilaya ya Liwale, ugomvi juu ya malipo ya pili ya korosho uliishia kwa nyumba za viongozi kuchomwa moto, wa vyama vya ushirika wakiwamo. Mwaka huohuo, mwezi Januari na tena mwezi Mei, mji wa Mtwara nao ulitikiswa na ghasia juu ya gesi ya Ghuba ya Mnazi na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Mambo haya mawili hayakuwa na chanzo kimoja, na ugomvi wa gesi haukuwa wa bodi na meneja bali wa wananchi na Serikali. Wala hakuna kitu kinachoweza kuhalalisha kuchoma nyumba ya jirani. Hata hivyo katika yote mawili tuliona watu walioamini kwamba jambo lao linaamuliwa kwenye meza wasikokaribishwa, kisha wakaletewa taarifa nusunusu, tena kwa kuchelewa. Mahali taarifa inapokosekana, uvumi hukalia kiti chake.

SOMO LA HISTORIA

Suala hili si geni katika Taifa letu. Mwaka 1966 iliundwa Kamati Maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa iliyoyaona ni kwamba wanachama wengi hawakukielewa chama chao wenyewe, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na kwamba siasa ilijipenyeza mahali isipotakiwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa kali. Mwaka 1968 iliundwa tume moja ya utumishi wa ushirika, na madaraka ya kuajiri na kufukuza watumishi yakatoka mikononi mwa kamati za vyama. Kuanzia hapo mtumishi alifanya kazi ya chama, lakini ajira yake ilikuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kabisa, na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao, ya korosho ikiwa mojawapo. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili vyama hivyo vifufuliwe.

Karibu nasi zaidi, mwezi Novemba mwaka 2018, wanunuzi walipogoma kutoa bei iliyotarajiwa, Rais John Magufuli aliivunja Bodi ya Korosho na kuamuru jeshi likusanye korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Bei iliwafurahisha wakulima. Lakini malipo yalikuja baada ya uhakiki, na wako waliongoja hadi mwaka uliofuata.

Hatusimulii haya ili kumhukumu mtu. Twasimulia kwa kuwa yana fundisho moja lisilozeeka: pale walio mezani wanaposhindwa kusimamia na kusimamiwa, mamlaka ya juu huja kuwanyang'anya meza. Na meza iliyonyang'anywa huchukua miaka mingi kurudi. Anayetaka chama chake kibaki mikononi mwa wanachama, basi ajifunze kwanza kuishi na mtendaji wake kwa haki.

MWENYE CHOMBO NA NAHODHA

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Mwenye chombo huamua chombo kiende wapi, kibebe nini, na kisivuke mpaka gani. Nahodha huamua tanga lipandishwe lini na mwamba ukwepwe upande upi. Mwenye chombo akipanda na kuushika usukani, mabaharia hawatajua wamtii nani, na methali yatuonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini nahodha naye akirudi pwani akakataa kusema amevua nini, ameuza wapi na tanga limechanikaje, huyo si nahodha tena, amejifanya mwenye chombo. Na tusisahau: hata wajumbe wa bodi si wenye chombo hasa. Wao ni wakili wa wenyewe, yaani wanachama, wagonjwa, wazazi na waamini waliotoa sadaka.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuyatambua magonjwa manne yanayozisumbua bodi zetu.

La kwanza ni bodi inayolala. Hukutana mara moja kwa mwaka, husikiliza taarifa iliyosomwa haraka, hupiga makofi, husaini posho na kwenda nyumbani. Wajumbe wake husema kwamba wanamwamini mtendaji. Kumbe hawamwamini, bali wamemtelekeza. Mtu hawezi kuamini asichokijua. Siku fedha zitakapopotea wataruka juu na kusema wamesalitiwa, ilhali hawakuwahi kuomba hata mara moja kuiona taarifa ya benki.

La pili ni bodi inayoingia jikoni. Mwenyekiti huagiza mafundi, mjumbe humpigia simu mhasibu bila meneja kujua, mwingine hutaka mpwa wake apewe kazi ya ulinzi. Watumishi hugawanyika, huyu wa mwenyekiti na yule wa meneja. Mtendaji aliye na akili atatafuta kazi kwingine. Asiye na pa kwenda atajifunza kuficha.

La tatu ni mtendaji anayeficha. Si kila anayeficha ni mwizi. Wengi huanza kwa kuficha habari mbaya kwa kuogopa kuonekana wameshindwa: deni la duka la dawa, kodi isiyolipwa, ruzuku iliyotumika katika fungu lisilo lake. Wanatumaini kwamba mwezi ujao mambo yatakaa sawa. Mwezi ujao deni limezaa. Siri iliyoanza kwa aibu huishia katika jinai.

La nne ni mtendaji mwenye mabwana wawili. Kwa miaka mingi mkoa wetu umepokea misaada kutoka nje. Programu ya RIPS, iliyogharimiwa na Finland kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, iliacha alama katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi, na katika miaka ya 1990 iliwasaidia wavuvi wa pwani ya kusini waliojiunga kupambana na uvuvi wa baruti. Misaada ni neema, nasi twashukuru. Lakini mara nyingi mtendaji humwandikia mfadhili taarifa ndefu kila robo mwaka, tena kwa Kiingereza, na bodi yake mwenyewe hupewa maneno mawili ya mdomo. Mfadhili wa mbali anajua bei ya kila mfuko wa saruji. Mjumbe aliyezaliwa kijijini hapo hajui. Mfadhili akiondoka, shirika halina mtu wa kulisimamia, maana bodi haijapata kulisimamia hata siku moja.

MAANDIKO NA SHERIA ZA KANISA

Yako mawazo yaliyoenea miongoni mwa waamini kwamba kumkagua mtu ni kumtukana, hasa akiwa ni mtu wa Mungu. Maandiko Matakatifu hayafundishi hivyo.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, twasoma kwamba mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kulitengeneza Hekalu. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, na nyufa za Hekalu zilikuwa vilevile. Mfalme hakuwaita wezi. Aliwaita akawauliza kwa nini, kisha akabadili utaratibu. Kuhani Yehoyada alitengeneza sanduku lenye tundu kifunikoni. Na kila lilipojaa, karani wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu pamoja, wakazifunga fedha mifukoni. Tuone busara iliyopo: hakuhesabu mmoja. Sura hiyohiyo husema kwamba wasimamizi wa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu, na wako wanaolitaja neno hilo ili wakwepe ukaguzi. Lakini uaminifu ule ulikuja baada ya sanduku, tundu na mashahidi wawili. Haukuwekwa mahali pa hayo. Tena nyufa za Hekalu zilizibwa, na kila mtu aliziona zimezibwa.

Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Alisafiri na ndugu aliyeteuliwa na makanisa yenyewe, ili asilaumiwe na mtu katika fedha nyingi kiasi hicho, akijali yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Ikiwa Paulo hakuona aibu kusindikizwa, ni meneja yupi atakayeona aibu?

Sheria za Kanisa, katika Kodeksi ya mwaka 1983, zimelifuata wazo hilo kwa makini. Kanuni ya 492 humtaka Askofu awe na Baraza la Fedha lenye waamini wasiopungua watatu, wenye ujuzi wa uchumi na sheria na waadilifu; nayo huwazuia ndugu zake, wa damu au wa ndoa, hadi daraja la nne. Kwa kanuni ya 493 na 494, Baraza hupanga makadirio ya kila mwaka, mwekahazina wa jimbo huendesha mali kwa kufuata makadirio hayo chini ya mamlaka ya Askofu, na mwisho wa mwaka hutoa hesabu mbele ya Baraza. Lakini tusome upande wa pili pia. Mwekahazina huteuliwa kwa miaka mitano, na katika kipindi hicho hawezi kuondolewa ila kwa sababu nzito, baada ya Askofu kusikiliza washauri waliotajwa na sheria. Kwa hiyo sheria hiyohiyo inayomdai hesabu humpa ulinzi. Asiyelindwa hawezi kusema kweli, na asiyedaiwa hesabu hujaribiwa. Kanuni ya 1287 nayo hutaka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitolea Kanisa. Na kanuni ya 537 hutaka kila parokia iwe na baraza la fedha la kumsaidia Paroko.

Hapa sisi mapadre twapaswa kusema ukweli. Mara nyingi mwenyekiti wa bodi ya shule au zahanati ya Kanisa ni padre, na wajumbe walei hunyamaza kwa heshima. Heshima kwa upadre ni njema. Lakini mjumbe anayenyamaza kuhusu hesabu zisizoeleweka hamheshimu padre, anamwacha peke yake katika hatari. Kanisa halikuweka mabaraza ili padre apate watu wa kumwitikia "ndiyo, Baba." Liliyaweka ili apate watu wa kumwambia kwamba fungu hili limezidi. Na padre anayemkasirikia mlei kwa swali la haki anaifunga milango ya parokia yake kwa ndani.

TUFANYE NINI?

Kuaminiana hakuji kwa hotuba. Hujengwa kama nyumba ya udongo, kwa kukandika tabaka baada ya tabaka. Tume inapendekeza mambo yafuatayo, ambayo chombo chochote, hata kidogo, kinaweza kuyafanya.

Kwanza, yaandikwe ni mambo gani huamuliwa na mkutano mkuu, yapi na bodi, na yapi na mtendaji. Kiandikwe pia kiasi cha fedha ambacho mtendaji anaweza kutumia bila kuuliza, na kiasi ambacho lazima aulize. Ugomvi mwingi tunaouita ugomvi wa tabia ni ugomvi wa mipaka ambayo haikuchorwa.

Pili, mtendaji awe na mkataba wa maandishi na malengo ya mwaka yaliyokubaliwa na pande zote mbili, naye apimwe kwa malengo hayo mara moja kwa mwaka, uso kwa uso. Asipimwe kwa maneno ya kijiweni. Na bodi nayo ijipime: nani hahudhurii, nani hasomi taarifa, nani ana maslahi yake katika zabuni?

Tatu, taarifa ya fedha itolewe kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, katika karatasi moja au mbili, na iwafikie wajumbe wiki moja kabla ya kikao. Ioneshe kilichokadiriwa, kilichotumika, na madeni. Iambatane na taarifa ya benki yenyewe, siyo muhtasari wake. Mjumbe asiyejua kusoma hesabu afundishwe. Kutojua si aibu, aibu ni kutia saini usichokielewa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, habari mbaya zitangulie. Mtendaji ajue kwamba akileta tatizo mapema atasaidiwa, na akilificha ataadhibiwa. Kanuni hii itakuwa ya kweli ikiwa tu bodi itajizuia isimrukie mtu wa kwanza atakayeileta habari mbaya. Wajumbe watazamwao na watumishi wote hufundisha zaidi kwa siku hiyo moja kuliko kwa katiba nzima ya chama.

Tano, watia saini wawe wawili au zaidi, wasiwe wa nyumba moja, na hundi tupu isitiwe saini kabla, hata kama mmoja anasafiri. Ukaguzi wa nje usichukuliwe kuwa dalili ya tuhuma. Serikali ililiunda shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, mwaka 1982, na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hutaka hesabu zilizokaguliwa ziwekwe wazi. Mtendaji mwaminifu ndiye anayefaidi zaidi ukaguzi, kwa maana humsafisha mbele ya watu kwa maandishi.

Sita, mwenyekiti na mtendaji wakutane mara kwa mara baina ya vikao, na wayaseme yote yaliyo moyoni. Lakini makubaliano yao yasiwe siri ya watu wawili. Bodi ambayo mwenyekiti na meneja huja wakiwa wamekwisha kuamua kila kitu haijawa bodi, imekuwa hadhira.

Saba, malalamiko yafuate njia ambayo Bwana wetu alituachia katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: kwanza wawili faraghani, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kusanyiko. Mara nyingi sisi huanzia mwisho. Twaanza kwa kusanyiko la sokoni, kisha mashahidi wa kukodi, na muhusika husikia wa mwisho.

Nane, hesabu zirudishwe kwa wenyewe. Zisomwe katika mkutano mkuu, zibandikwe ubaoni ofisini, na pale chombo ni cha Kanisa, zitangazwe kigangoni. Bodi inayomdai mtendaji hesabu nayo yenyewe haitoi, yadai haki isiyoitenda.

WASEMAO KWAMBA HAIWEZEKANI

Wapo watakaotujibu kwamba utaratibu huu ni wa mijini, kwamba kijijini wote ni ndugu. Ni kweli, na hilo ndilo linaloufanya utaratibu uwe wa lazima zaidi. Mjini ugomvi wa bodi na mkurugenzi huisha kwa mmoja kuhama. Kijijini watakutana kisimani, msibani, katika unyago na jando la watoto wao, na watakaa safu moja kanisani au msikitini. Chuki iliyoanzia kwenye daftari huingia katika ndoa na mazishi. Karatasi iliyoandikwa vizuri haiondoi undugu, huulinda.

Wengine watasema kwamba ukaguzi mwingi huua moyo wa kazi. Hoja hii ina uzito. Bodi inayodai stakabadhi ya kila kiberiti, inayomzuia mtendaji asiende hata Masasi bila kibali, hiyo haitafuti uaminifu bali inatafuta kosa. Ndiyo maana tumesema mipaka ichorwe kwanza. Ndani ya mpaka wake mtendaji aachwe afanye kazi, akosee mambo madogo, ajifunze. Mafundisho ya jamii ya Kanisa, tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, yameshikilia kwamba chombo cha juu kisinyang'anye kazi ambayo cha chini kinaweza kuifanya. Fundisho hilo hulihusu taifa, na huihusu pia bodi ya zahanati.

Na wapo watakaosema kwa uchovu kwamba watu ni walewale, kila meneja mwizi, kila bodi ya posho. Ndugu zetu hawa wameumizwa, na hatuwalaumu. Lakini tuwakumbushe kwamba wako makatibu wengi wa vyama vya msingi wanaolala ofisini msimu wa korosho ili mizani isiguswe usiku, na wajumbe wanaotembea kwa miguu kuja vikaoni bila kulipwa. Hao huumizwa mara mbili tunapowahesabu pamoja na wevi. Utaratibu ulio wazi ndio haki yao ya kwanza, kwa kuwa ndio unaowatenga.

HITIMISHO

Amana iliyo mikononi mwa vyombo vyetu ni kubwa: jasho la msimu mzima wa korosho, ada za watoto, dawa za wagonjwa, sadaka ya mjane. Msimu wa minada haungoji mpaka tupatane. Kila bodi itakayokutana kabla ya msimu ujao na ijiulize mbele ya Mungu kama mtendaji wake anaweza kuiambia habari mbaya bila woga. Na kila mtendaji ajiulize kama bodi yake inayajua yale anayoyajua yeye. Jibu likiwa ni hapana, basi kazi ianzie hapo, kwa kikao kimoja na karatasi moja, bila kungoja mgeni kutoka jimboni au mfadhili kutoka ng'ambo.

Bwana wetu, aliyesema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, atujalie uaminifu huo katika madaftari yetu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Taja vyombo vyenye bodi na mtendaji katika kijiji au mtaa wetu. Mara ya mwisho tulisomewa hesabu zao lini?

2. Kati ya magonjwa manne yaliyotajwa, lipi tunaliona kwetu? Sisi wanachama tumelichangiaje kwa ukimya wetu?

3. Je, mlei katika parokia yetu anaweza kuuliza swali la fedha bila kuonekana mkaidi? Kama hawezi, tufanye nini, na nani aanze?

4. Someni 2 Wafalme sura ya 12 na 2 Wakorintho sura ya 8. Ni utaratibu gani mmoja tunaoweza kuuanza kabla ya msimu ujao wa korosho?